Tundu Kati ya Nyumba ya Sita na ya Saba

Nyumba ya sita, tarehe 3 Februari

Mdogo wangu,

Pokea salamu za kaka yako, ambaye bado ana meno kumi na saba na bado anatunga uzi kwenye sindano bila miwani. Hapa tupo. Mjukuu wangu wa kike anakaa nami siku hizi, ananipikia na kunigombeza. Goti la kushoto linanisumbua mvua ikikaribia. Bwana Saa, yule fundi wa saa wa nyumba ya tisa, bado yupo na bado anachelewa kila anakokwenda. Waliobaki kwenye safu nzima ya nyumba zetu ni mimi na yeye tu. Wengine wameondoka, nusu kwa gari, nusu kwa jeneza.

Mpwa wangu, mwanao, alinipigia simu akasema masikio yako yamefunga kabisa, hata mtu akikupigia kelele mdomoni mwa simu husikii. Imeniuma. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Mjukuu alitaka aniandikie, nikamwambia mkono uliojenga nyumba kumi na moja hauwezi kushindwa na karatasi. Usicheke herufi zangu. Mimi shule nilikaa miaka mitatu, wewe ukakaa kumi na miwili na ukatoka muuguzi, kwa sababu kuna mtu alikuwa anabeba tofali.

Sasa la maana. Safu yetu inavunjwa. Wanapanua barabara. Wamekuja watu na rangi nyekundu wakaweka alama kwenye kila mlango, na wameweka vibaya, rangi imechuruzika mpaka kizingitini. Mimi ningemfukuza kibarua kwa kazi kama ile.

Kabla hawajavunja, kuna binti wa maktaba anazunguka na kinasa sauti. Wanaandika kitabu cha mtaa wetu, nani aliishi wapi, nani alijenga nini. Nimemkalisha siku tatu nikamwambia yote. Amenisikiliza kwa adabu. Mwisho ananiambia, babu, kila habari lazima ithibitishwe na mtu wa pili aliyekuwepo, aandike kwa mkono wake na atie sahihi. Bwana Saa hafai, alihamia safu ikiwa imeshakwisha. Nikamuuliza, na asiyekuwa na wa pili? Akasema tutaandika "inasemekana".

Mimi Timazi, ambaye mtaa mzima uliniita hivyo kwa sababu ukuta wangu haukuhitaji timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia wima, niandikwe inasemekana. Kwamba inasemekana nilijenga. Nikalala nalo hilo neno kama kokoto kwenye kiatu.

Wa pili aliyebaki duniani ni wewe. Fomu imo ndani ya bahasha. Thibitisha mambo matatu tu: kwamba nyumba zote kumi na moja nilijenga mimi, kwamba yale matundu ya kupitishiana vitu ukutani nilibuni mimi, na kwamba kuta zote ni za tofali mbili, ndiyo maana mafuriko hayakuziangusha.

Najua tuliachana vibaya. Hayo ni ya nyumbani, kitabu hayakihusu.

Wako, kaka yako.

*

Tarehe 28 Februari

Kaka,

Barua yako ilikaa njiani siku kumi na tisa. Naona ni kama ilitaka kulipiza miaka kumi na tisa ambayo hukuniandikia.

Huku tuko salama. Mwanangu amepata mtoto wa tatu, wa kike, ana paji la uso la mama kabisa. Sukari yangu naidhibiti. Masikio ni kweli. Nasikia mlio mmoja tu, kama bomba lililoachwa wazi chumba cha pili, na mchana kutwa natamani mtu alifunge. Nimefurahi kwa ajili ya meno yako.

Habari ya wifi yangu niliipata msiba umeshapita miezi miwili. Nilikaa chini jikoni siku nzima. Alikuwa mtu mwema kuliko sisi wote wawili na sikumuaga.

Kuhusu fomu. La kwanza nathibitisha bila kusita. Nyumba zote kumi na moja ulijenga wewe, na maji ya kukorogea udongo nilikuwa nachota mimi nikirudi shule, sare ikiwa imelowa hadi magotini. Waambie na hilo waliandike.

La pili nalithibitisha nusu. Matundu ulitoboa wewe, lakini aliyeyataka ni mama. Alichoka kutoka nje na bakuli kwenye mvua. Alikuambia, nitobolee hapo nipitishe mkono tu. Ukamtobolea, jirani wakaona, kila mmoja akataka lake.

La tatu siweki sahihi yangu. Kaka, kuta za tofali mbili? Tulikuwa tukisikia Bwana Saa akipiga chafya, nyumba mbili mbele, na mama akimwitikia kutoka kitandani. Ukuta wa tofali mbili haufanyi hivyo.

Nami nina swali moja. Unakumbuka sheria ya kugonga. Pigo moja, fungua tundu. Mawili, kuna mgeni. Matatu, njoo, kuna mgonjwa. Siku aliyofariki mama, saa nane mchana, nilipogonga matatu kwenye ukuta wako, tena na tena, ulikuwa wapi?

Nijibu hilo tu. Nina sababu ya kuuliza, na nitakuambia ukishanijibu. Fomu naijaza siku hiyo hiyo.

Mdogo wako.

*

Nyumba ya sita, tarehe 17 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi, na hongera ya mjukuu. Kama paji la uso ni la mama, basi mtafutieni mume mvumilivu mapema. Hapa wazima. Mjukuu wangu amenikataza chumvi. Anasema ni amri ya daktari. Daktari mwenyewe sijamwona hata siku moja akija kula hapa.

Nimemsomea binti wa maktaba ile ya kuchota maji, ameiandika. Ya mama na bakuli pia nimemwambia. Sawa, mama alisema atobolewe. Lakini kusema si kutoboa. Tundu lile lina kizingiti cha mbao juu, lina mteremko chini ili maji yasikae, lina kimlango chake cha kuning'inia. Mama hakusema hayo. Hayo ni kichwa changu.

Nimemweleza na mafuriko. Wewe unayajua, lakini niache niyaandike kwa sababu naona unasahau nani alikuwa nani. Siku nne maji yalifika kiunoni barabarani na hakuna aliyethubutu kufungua mlango. Mtoto wa Kinyozi, nyumba ya kwanza, akashikwa na homa. Wakagonga matatu. Ya pili ikagongea ya tatu, ya tatu ikagongea ya nne, mpaka kwako ya saba. Ukatoa dawa, ikarudi mkono kwa mkono, nyumba sita, hakuna aliyelowa unyayo. Mtoto akapona. Sasa niambie, angepona kwa dawa tu bila tundu?

Na maneno nayo yalipita. Kinyozi akikohoa nyumba ya kwanza, habari ikifika ya kumi na moja watu wameshavaa nguo za msiba. Binti wa maktaba alicheka mpaka akazima mashine yake.

Kuhusu ukuta, mimi ndiye niliyejenga, na mimi ndiye ninayejua tofali ngapi zimo. Ni mbili. Chafya ya Bwana Saa ilipita kwenye matundu.

Kuhusu swali lako, siku ile nilikuwa kazini. Tulikuwa tunapiga plasta ghala upande wa pili wa reli. Nilirudi jioni jioni, nikakuta mambo yameshakuwa. Na hata ningekuwa nyumbani, tundu lilikuwa limezibwa na ukuta ni wa tofali mbili, nisingesikia kitu. Kwa hiyo swali lako halina mguu wa kusimamia.

Tafadhali fomu. Binti wa maktaba ananiuliza kila Jumanne.

Kaka yako.

*

Tarehe 24 Aprili

Kaka,

Nilichelewa kukujibu. Nilikuwa naandika nachana.

Mtoto anakua, anashika vidole vya watu na haachii. Sisi wengine ni wale wale.

Umenikumbusha mafuriko, asante. Nami nikukumbushe yaliyofuata, kwa sababu naona hayo hukumwambia binti wa maktaba. Mama alikaa kwako miaka minane. Alipoishiwa nguvu ya kuoga mwenyewe, akaomba ahamie kwangu, mlango wa pili tu, kwa sababu alikuwa akiona haya kuogeshwa nyumbani kwa mwanawe wa kiume. Basi. Hakukukataa. Lakini Kinyozi akakutania mbele ya watu, Timazi, mama amekuhama, na wiki ile ile ukachukua mwiko wa uashi ukaziba tundu lake. Lile alilolitaka yeye. Ulianza la kwanza kwa ajili yake, na la kwanza kuziba likawa hilo hilo. Mama alikaa anatazama tofali zinapanda, ya kwanza, ya pili, mpaka mkono wako ukapotea. Alinyoosha shuka lake tu.

Sasa siku ile. Wifi ndiye aliyekuja, kwa mlango wa mbele, unga umemjaa mpaka viwikoni. Nikamuuliza, kaka yuko wapi? Akasema, yuko kazini. Lakini hakuniambia mimi. Aliuambia ukuta. Miaka yote niliyomjua, wifi alikuwa akisema jambo anakutazama machoni.

Na wewe hukuja jioni. Ulikuja mama hajamaliza kupoa. Uliingia na mwiko mkononi, mtu anayetoka kupiga plasta ghala zima, na mwiko ule ulikuwa mkavu.

Sikusema siku ile. Nikasema nitamzika mama kwanza. Halafu nikasema nitasubiri matanga yaishe. Halafu nikapanda gari.

Ukitaka sahihi yangu, kachukue ufunguo wa nyumba yangu kwa Bwana Saa, nilimwachia yeye. Ingia, toboa ukuta pale palipokuwa na tundu, pima, kisha uniandikie ni tofali ngapi. Ukishajua ukuta unapitisha nini, unijibu tena swali langu.

Mdogo wako.

*

Nyumba ya sita, tarehe 10 Mei

Hujambo.

Sitapima ukuta nilioujenga mwenyewe kama mwanafunzi. Nina miaka sabini na tisa. Hakuna mtu mtaa huu aliyewahi kuniambia ukapime.

Kama hutaki kutia sahihi usitie. Waandike inasemekana. Usiniandikie tena.

Wanavunja tarehe 12 Julai. Nakuambia kwa sababu nyumba ni yako.

*

Nyumba ya sita, tarehe 4 Juni

Mdogo wangu,

Nilikuambia usiandike, na kweli hukuandika. Nimekaa wiki tatu na siku nne nasubiri uvunje amri yangu kama ulivyokuwa unafanya zamani.

Afya yangu si mbaya. Mjukuu amekwenda kwao kidogo, kwa hiyo nimekula chumvi. Goti limevimba na hilo ni kosa langu, utaona kwa nini.

Wiki jana nilikwenda kwa Bwana Saa. Nilikuwa nimetayarisha maneno mlangoni, kwamba nataka ufunguo wa nyumba ya saba kwa ajili ya mambo ya vipimo. Hakuniacha niyaseme. Alinyanyuka kwenye meza yake akautoa kwenye kopo la skrubu, bila kutafuta, akaniwekea mkononi. Akasema, "Timazi, hata mimi sijawahi kuchelewa hivi."

Nikaingia kwako. Sikuwa nimeingia tangu siku ya kumtoa mama. Vumbi lilikuwa limelala nene kiasi kwamba niliona haya kuweka mguu. Kitanda cha mama hakipo, lakini alama za miguu yake minne zipo sakafuni, na moja iko karibu sana na ukuta, pale kwenye tundu. Sikujua kwamba alihamishia kitanda pale. Hukuniambia.

Halafu nikaona plasta. Upande wangu ukuta ni laini, nilipiga vizuri, ukiuangaza na taa huoni wimbi. Upande wako umejaa mashimo. Madogo ya mviringo, yamekaa kama alama za ndui, yote mahali pamoja, na yote chini. Mchi. Uligonga kwa mchi wa kinu. Na nikaelewa kwa nini yako chini. Ulikuwa umekaa sakafuni. Mkono mmoja umemshika mama, na mwingine unagonga. Mimi ni fundi, naweza kusoma ukuta kuliko karatasi. Ya mwanzo ni mashimo ya kina. Ya mwisho yamekwaruza tu.

Sikuyahesabu. Nilianza nikaacha.

Nikaleta patasi na nyundo, nikapiga magoti, ndiyo hilo goti. Tofali ya kwanza ilitoka kirahisi. Nikapitisha mkono, nikaona vidole vyangu viko nyumbani kwangu. Ni tofali moja. Pamoja na plasta pande zote haifiki shibiri. Na sikuhitaji kutoboa kujua, kwa sababu tangu siku ya kwanza nilijua. Tofali tulizokuwa nazo, kwa ukuta wa mbili, zingetosha nyumba sita. Watu kumi na mmoja walikuwa wamesimama pale na watoto wao na mabegi. Nikapanga moja moja, nikanyamaza, nikapiga plasta nene ionekane mbili. Miaka hamsini na mbili nimesema mbili. Mwisho nikawa naamini.

Sasa swali lako. Nitaandika mara moja, usinirudishe tena hapo.

Nilikuwa nyumbani. Ghala hatukwenda, saruji ilikuwa haijafika. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nanoa mwiko, wifi yako anakanda unga. Ukagonga. Nikadhani unabomoa. Tofali zangu zilikuwa na wiki tatu tu, na Kinyozi alikuwa ameniambia umeapa utalifungua tundu kwa mikono yako. Nikasema leo ndiyo leo. Nikaenda nikakaa chini, nikaweka mgongo kwenye tundu nilizuie, nikakaza miguu sakafuni. Kila ulipogonga nilikusikia mgongoni, hapa chini ya bega la kulia. Mpaka leo napajua.

Wifi yako akasimama. Akasema, "Baba watoto, hayo ni matatu." Nikamwambia endelea na unga wako. Ukagonga tena. Akasema, "Ni matatu hayo, si unahesabu?" Nikamwambia anyamaze. Akatoka na mikono yake vile vile. Alipofika mlangoni akageuka akasema, "Nitasema uko kazini. Lakini huo uongo ni wako, mimi nakubebea tu." Aliubeba mpaka akafa nao. Hakuwahi kunirudishia hata kwa neno.

Sitakuambia kwamba sikujua. Yale ya mwanzo sikujua. Baadaye nilijua, mtu anajua. Lakini nilikuwa nimeshakaa. Na kila pigo lililoongezeka lilinizidishia uzito wa kusimama, kwa sababu nikisimama sasa utaniuliza mbona hukusimama lile la kwanza. Nikasema nitasubiri aache, nitoke kwa nyuma, nizunguke, niingie kama mtu anayetoka kazini.

Ukaacha. Na mimi nikajua kwa nini umeacha.

Fomu unaweza kuichana. Binti wa maktaba nimemwambia mwenyewe kwamba ukuta ni wa tofali moja. Nimemwambia na kwamba nilisikia. Alizima mashine. Nikamwambia iwashe.

Kaka yako.

*

Tarehe 20 Juni

Kaka,

Salamu za huku wote wazima. Mtoto ameanza kukaa mwenyewe, akianguka halii, anashangaa tu.

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya tatu nilitoka nayo nje ili mwanangu asinione.

Nilikuahidi sababu ya swali langu. Ni hii. Mama aliniambia niache kugonga. Nilidhani nimeacha kwa kuchoka, lakini ni yeye aliyenishika mkono wenye mchi akaushusha. Akasema, "Mwache. Yupo hapo. Nimemsikia akikaa."

Unajua unavyokaa, na ule mguno wako, tangu una miaka thelathini. Mimi sikusikia kitu, nilikuwa ninalia. Nikadhani anaweweseka. Wifi alikuwa ameshaniambia uko kazini, kwa hiyo nikajua mama anaongea na hewa. Akanyoosha mkono akauweka ukutani, pale kwenye tofali zako, kiganja chote, na hakuutoa tena. Mimi ndiye niliyekuja kuutoa.

Nimekuwa muuguzi miaka thelathini na moja. Nimeona wengi wakienda wakiwa wamepotea, wanaita watu wasiokuwepo. Kwa miaka kumi na tisa nimeamini mama yetu naye alikwenda hivyo, amepotea, anashika ukuta na kudhani ni mwanawe. Hilo ndilo lililonitoa mtaani, zaidi hata ya hasira yangu kwako. Na kila nilipotaka kuamini kwamba alikuwa na akili zake, ilibidi niamini kwamba wewe ulikuwa pale na hukuja. Sikujua nichague lipi.

Sasa najua. Alikuwa na akili zake mpaka mwisho, na kati ya kiganja chake na mgongo wako kulikuwa na tofali moja.

Hili halifuti, kaka. Mimi upande ule nilikuwa peke yangu. Na kama muuguzi nakuambia, usingemwokoa. Sikukuita umwokoe. Nilikuita umshike mkono.

Fomu imo ndani, imejazwa. Nimeandika: "Nyumba zote kumi na moja zilijengwa na kaka yangu. Matundu yalitakwa na mama yetu, yakatobolewa na yeye. Kuta ni za tofali moja, kwa sababu tofali zilitosha nyumba sita na yeye akajenga kumi na moja. Nilikuwepo." Hilo la mwisho la tofali ungelisema tangu siku ya kwanza badala ya kutuambia mbili. Ni jambo kubwa kuliko hizo mbili.

Nakuja kabla hawajavunja. Mwanangu ananileta tarehe 8 Julai. Nataka kukaa upande wangu kidogo. Usiwaruhusu waguse ukuta ule.

Mdogo wako.

*

Nyumba ya sita, tarehe 30 Juni

Mdogo wangu,

Karatasi ilifika jana na leo nimeikabidhi maktaba kwa mkono wangu. Binti amenisomea fomu, na barua yako pia, mbele ya wenzake. Hakuna inasemekana. Nilimwomba arudie pale pa kiganja, nikamwambia hapo usipaandike kitabuni, soma tu.

Kuyajibu mengine nilichukua kalamu mara tatu, nikaiweka.

Nyumba yako nimeifagia. Nilifagia mwenyewe, mjukuu nikamzuia mlangoni. Plasta ya upande wako sijaigusa. Kigoda nimekuwekea pale palipokuwa na mguu wa kitanda. Tundu limefunguka lote, ukubwa wake ule ule wa zamani, na kizingiti cha mbao bado kizima, hata mchwa hajagusa, na hapo nina haki ya kujisifu.

Bwana Saa anasema atakuja kukupokea stendi. Kwa hiyo mkifika msimsubiri, shikeni njia.

Wewe ingia kwako, kaa. Mimi nitakuwa nyumbani, safari hii nitakuwa nimekaa tangu asubuhi. Najua husikii, kwa hiyo sitagonga. Nitapitisha mkono. Ni ule wa kulia, wenye kidole gumba kilichopondwa na tofali ya nyumba ya saba.

Kaka yako.